Kwa nini Rabaul ilirukwa na Iwo Jima haikurukwa

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nanunua na kuuza mahindi hapa soko la Kibaigwa. Juzi tukiwa tunasubiri zamu ya mizani, mwenzangu mmoja, dereva wa semi, alisema kwenye Vita Kuu ya Pili Wamarekani walipoikaribia Rabaul, ngome kubwa ya Wajapani katika Bahari ya Pasifiki, waliogopa, wakapita pembeni. Nikambishia kwamba ule haukuwa woga, ilikuwa mbinu ya kuruka visiwa, yaani kuiacha ngome ya adui nyuma na kuteka mahali pengine mbele yake. Akanibana: 'Kama kuruka ni akili, mbona kisiwa cha Iwo Jima hawakukiruka? Mbona kisiwa cha Peleliu hawakukiruka?' Nikakwama. Tumewekeana kreti la soda. Tuamulie."

Marahaba, mwanangu. Habari ya kreti tuiache mpaka mwisho, maana huyo dereva si wa kubezwa. Swali lake la pili limewatoa jasho watu waliolisomea.

Kwanza ondoa kichwani picha ya kisiwa kama shamba ambalo watu wanalipigania wapate ekari. Fikiria mbuzi aliyefungwa kigingini. Anakula majani mpaka kamba inapoishia, na jani lililo hatua moja mbele ya hapo si lake hata likiwa bichi namna gani. Ndege ya kivita inayoruka kutoka nchi kavu ni mbuzi huyo. Kigingi ni uwanja wa ndege, kamba ni mafuta yaliyomo kwenye tangi. Meli ikisafiri ndani ya duara la ndege za upande wake, ina mlinzi. Ikitoka nje ya duara hilo na kuingia duara la adui, inaomba Mungu. Vita ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, tangu 1942 hadi 1945, ilikuwa kazi ya kung'oa kigingi na kukichomeka mbele, mara nyingi, mpaka kamba ikafika Tokyo.

Ndiyo maana mapigano makubwa ya kwanza ya namna hiyo yalifanyika Guadalcanal, kisiwa cha misitu na malaria katika visiwa vya Solomon ambacho kabla ya hapo hakuna jenerali aliyekuwa akikiota. Wajapani walikuwa wanajenga uwanja wa ndege pale. Agosti 7, 1942 Wamarekani wakashuka, wakauchukua ukiwa unakaribia kwisha, wakaumalizia kwa mashine na malori ambayo Wajapani wenyewe waliyakimbia. Chakula chao majuma ya mwanzo kilikuwa pamoja na mchele wa Kijapani uliotekwa. Ndege zao za kivita za kwanza zilitua tarehe 20 mwezi huohuo. Tangu siku hiyo rubani wa Kijapani akitokea Rabaul alikuwa na takribani kilomita 1,000 mbele yake, yaani zaidi ya Dodoma hadi Dar na kurudi, na huo ni mwendo wa kwenda tu. Akifika, mafuta ya kupigania yamebaki ya dakika chache. Mmarekani alikuwa anapigana juu ya paa la nyumba yake.

Sasa sikiliza habari ya mapipa, maana wewe mtu wa magunia utaielewa kuliko wanafunzi wangu. Wajapani walikuwa na maelfu ya askari kwenye kisiwa hichohicho, na askari anakula. Meli za mizigo ni za mwendo wa pole, na mchana anga lilikuwa la Wamarekani, kwa hiyo zilikuwa zinazamishwa. Wakaamua kutumia manowari za mwendo kasi, usiku, ziwe zimeshaondoka kabla hakujapambazuka. Lakini manowari si lori. Haina bodi la kupakilia wala winchi ya kushushia. Wakachukua mapipa ya mafuta, wakayasafisha, wakatia chakula bila kuyajaza ili yaelee, wakayafunga moja baada ya jingine kwa kamba ndefu. Manowari ikifika karibu na ufukwe inayasukuma baharini, inageuza, inaondoka. Askari wa nchi kavu, wenye njaa na homa, waingie majini gizani, waitafute ncha ya kamba na kuvuta. Usiku wa Desemba 3, 1942 yalitupwa mapipa 1,500. Yaliyofika mikononi mwa wenyewe yalikuwa 310. Mengine kamba zilikatika, na asubuhi ndege za Kimarekani ziliyakuta yanaelea zikayatoboa kwa risasi.

Piga hesabu ya kwako. Unapakia magunia 300 Kibaigwa, mteja wako anapokea 62, na bei ya dizeli umelipa yote. Utafanya biashara hiyo miezi mingapi? Wajapani waliifanya mpaka Februari 1943, wakaondoa waliobaki. Kati ya askari wao waliokufa kisiwani pale, waliouawa na njaa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Wenyewe walikiita kisiwa cha njaa.

Ukishaielewa Guadalcanal, Rabaul haina ugumu. Ilikuwa ngome hasa: bandari ya asili iliyozungukwa na milima ya volkano, viwanja vitano vya ndege, mahandaki yasiyohesabika, na askari na wafanyakazi wa jeshi karibu 100,000. Jenerali MacArthur, kamanda wa Washirika upande wa kusini-magharibi ya Pasifiki, mwanzoni aliitaka. Hii watu wengi hawaijui, kwa sababu baadaye alisifiwa kama baba wa mbinu ya kuruka. Uamuzi wa kutoishambulia ulithibitishwa na wakubwa wa Washirika kwenye mkutano wa Quebec, Agosti 1943, na hesabu ilikuwa ya kawaida kabisa. Kuiteka kungekula watu na meli kwa miezi. Kuizingira kungehitaji vigingi vichache tu kuizunguka. Novemba 1, 1943 wakashuka Bougainville, ghuba ya Empress Augusta. Hawakushuka ili wakiteke kisiwa kizima; walichukua kipande cha pwani cha kutosha viwanja vya ndege, wakakizungushia ulinzi, sehemu kubwa iliyobaki wakawaachia Wajapani na misitu yao. Desemba wakachukua Cape Gloucester, Februari 1944 visiwa vya Green, kisha visiwa vya Admiralty, Machi Emirau. Tazama ramani, utaona ni duara. Ndege za Rabaul zilikwisha, nyingine ziliondolewa, meli zikaacha kwenda.

Wale askari karibu laki moja walifanya nini? Walilima. Walipanda viazi vitamu na mboga, wakachimba mahandaki zaidi, wakangoja shambulio ambalo halikuja. Walijisalimisha Septemba 6, 1945, mbele ya jenerali wa Australia, juu ya manowari ya Uingereza ya kubeba ndege. Jeshi zima lilijilinda gerezani kwa mwaka mmoja na nusu, funguo zikiwa mikononi mwake lenyewe, na chakula likajitafutia.

Kwa hiyo neno "waliogopa" si uongo mtupu. Waliogopa bei. Ila kuogopa bei ndiyo kazi ya kamanda. Asiyeiogopa mnyime hata duka.

Nikitoka hapo wanafunzi huwa wanataka nihamie kwenye mizinga na manowari. Mimi huwapeleka kwenye katapila. Kigingi hakichomekwi kwa bunduki. Mwaka 1942 jeshi la majini la Marekani liliunda vikosi vya ujenzi, likachukua mafundi wa barabara, waashi, mafundi bomba, watu wazima wenye familia; mwanzoni wastani wa umri wao ulikuwa miaka 37. Walishuka ufukweni nyuma tu ya askari wa mstari wa mbele, pengine risasi hazijanyamaza, wakaanza kusukuma minazi. Matumbawe yalichimbwa, yakasagwa, yakatandazwa, yakamwagiwa maji ya bahari na kushindiliwa kwa rola, yakakauka yakawa kama zege. Baada ya siku chache ndege zinatua. Mjapani alitegemea zaidi sululu, mabeleshi na mikono ya watu, kwa hiyo alikuwa anachelewa kwa wiki na miezi. Ukiniuliza silaha moja iliyoshinda vita ya visiwa, nitakujibu katapila, na manowari zisinune.

Na hapa naomba ruhusa nitoke nje ya mada kidogo, kwa sababu wewe uko wilaya ya Kongwa. Vita ilipokwisha, mashine nyingi za Jeshi la Marekani zilibaki Ufilipino, hazina kazi. Mwaka 1947 Waingereza walipoanzisha ule mradi wao mkubwa wa karanga hapo kwenu Kongwa hawakuwa na matrekta ya kutosha, wakanunua hayohayo masalia kutoka Ufilipino, yakaletwa kwa meli mpaka Dar es Salaam. Mjomba wangu alikuwa kibarua kwenye mradi huo. Alikuwa anasimulia jinsi mashine zilivyofika zimechoka, na jinsi udongo wa Kongwa ukikauka unavyokuwa kama tofali, jembe la trekta linakatika. Nilipokuja kusoma habari za Pasifiki nikacheka peke yangu. Mashine zilizovuka bahari mbili na vita moja, zikaja kushindwa na kiangazi cha Ugogo.

Turudi baharini. Uliniandikia kama vile kuteka kisiwa ni jambo la kuamua tu, kuruka au kutoruka. Ukishaamua kushuka, kuna suala la kufika mchangani, na hapo Tarawa inatosha kufundishia. Betio, kisiwa chenye ngome katika visiwa vya Tarawa, kina urefu wa kilomita tatu hivi, upana wake hata kilomita moja haifiki. Novemba 20, 1943 Wamarekani walikishambulia kwa mizinga ya meli asubuhi nzima mpaka moshi ukakifunika, halafu wakatuma boti. Kinazungukwa na mwamba wa matumbawe. Boti zao za kawaida za kushushia askari zilihitaji maji ya kina cha mita moja na ushei kupita juu ya mwamba.

Wavuvi wa Kilwa wangewaambia. Kuna bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana, na kuna maji mafu, siku ambazo bahari inajaa kivivu tu. Siku ile ilikuwa maji mafu. Na si kwamba hakukuwa na wa kuwaambia: Meja Frank Holland, aliyewahi kuishi visiwani humo, aliwaonya kwamba maji hayatatosha. Wapangaji waliamua kubahatisha. Magari yenye minyororo yanayotembea majini na nchi kavu yalipanda juu ya mwamba yakapita. Lakini yalikuwa machache, mia moja na ishirini na kitu. Boti za nyuma zilikwama kwenye mwamba. Askari wakaruka, wakatembea mamia ya mita ndani ya maji ya kiunoni na kifuani, bunduki wameinua juu, mbele yao bunduki za rashasha. Mapigano yalichukua saa 76. Wamarekani karibu 1,000 walikufa kwa ajili ya kisiwa ambacho ungekizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Kati ya Wajapani na vibarua wa Kikorea wapatao 4,700 waliokuwamo, Wajapani 17 na Wakorea 129 ndio waliotoka hai.

Baada ya hapo walijifunza haraka: wapiga mbizi wakaanza kutumwa kupima mwamba kwanza, magari ya minyororo yakaongezwa, mizinga ikalenga kitu badala ya kupiga kisiwa kwa jumla. Wajapani nao walijifunza. Waliacha kung'ang'ania ufukwe, wakaingia ndani ya miamba na kumsubiri mgeni ashuke.

Na hiyo ndiyo inayotuleta Peleliu, na hapa dereva wako ana haki. Peleliu kilitakiwa kutekwa ili kulinda ubavu wa MacArthur akienda Ufilipino. Siku mbili kabla ya shambulio, Admirali Halsey, mkuu wa kundi la meli za kivita za Marekani, ambaye ndege zake zilikuwa zimepita Ufilipino zikakuta ulinzi dhaifu, alishauri Peleliu kiachwe. Admirali Nimitz, mkubwa wake, alikubali kuharakisha safari ya Ufilipino, lakini Peleliu akasema kiendelee kwa sababu meli zilishang'oa nanga. Septemba 15, 1944 wakashuka. Jenerali wa kikosi alikuwa amewaambia watu wake itakuwa kazi ya siku nne hivi. Ilichukua zaidi ya miezi miwili, mpaka Novemba 27, ndani ya mapango ya chokaa, joto likipita nyuzi 40, na Wamarekani karibu 1,800 wakafa. Wajapani waliouawa walikuwa zaidi ya 10,000. Wakati mapigano yanaendelea, Oktoba 20, MacArthur alishashuka Leyte, Ufilipino. Ule ubavu uliokuwa unalindwa ulikuwa umeshapita.

Linganisha na Ulithi. Wiki ileile ya pili ya mapigano ya Peleliu, Septemba 23, Wamarekani waliingia visiwa vya Ulithi bila kupigwa risasi, Wajapani walishaondoka. Ndani yake kuna wangwa mpana wa maji matulivu. Ukageuzwa bandari ya kuegesha mamia ya meli, ikiwa na karakana zinazoelea, meli za maji ya kunywa, hata meli ya kutengenezea aisikrimu. Kutoka pale ndipo meli nyingi ziliondoka kwenda Iwo Jima na Okinawa. Peleliu kilikula damu, Ulithi kikafanya kazi. Mtu akiniambia Peleliu kilikuwa cha lazima, simwelewi.

Iwo Jima si sawa na Peleliu. Baada ya kuchukua Saipan, Tinian na Guam katika visiwa vya Mariana katikati ya 1944, Wamarekani walikuwa na kigingi ambacho kamba yake, ndege kubwa ya mabomu ya B-29, ilifika Tokyo: kilomita 2,400 hivi kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Iwo Jima kiko katikati ya njia hiyo. Rada zake zilikuwa zinawapigia simu Tokyo kwamba wageni wanakuja. Ndege zake ziliwahi kushambulia B-29 zikiwa chini, huko Mariana. Na ndege za kusindikiza, P-51, hazikuwa na kamba ya kutoka Mariana mpaka Japani. Kutoka Iwo Jima zilikuwa nayo. Kwa hoja ya kigingi, ni mahali halali.

Bei yake ni nyingine. Februari 19, 1945 walishuka kwenye majivu meusi ya volkano ambayo mguu unazama mpaka kifundoni. Jenerali Kuribayashi, kamanda wa Wajapani kisiwani, aliwaacha wajazane ufukweni, ndipo akafungua moto kutoka kwenye mahandaki ya urefu wa kilomita kama 18. Watu wake wapatao 21,000 walikaribia kwisha wote. Wamarekani karibu 6,800 walikufa, kwenye kilomita za mraba 21 hivi. Zamani nilikuwa nafundisha kwamba B-29 zaidi ya 2,200 zilitua pale baadaye, kwa hiyo marubani wengi waliokolewa, hesabu imelipa. Siku hizi sisemi hivyo. Sehemu kubwa ya ndege hizo zilitua kujaza mafuta au kwa mazoezi, hazikuwa zinaanguka. Nakubali kisiwa kilikuwa na kazi. Sikubali tena kwamba ile namba inathibitisha bei.

Kitu kimoja cha nyumbani, kisha nikuache ukapime mahindi yako. Usidhani sisi wa bara hayatuhusu. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha meli ya Waingereza Pegasus bandarini Zanzibar, ikaenda kujificha ndani ya delta ya Rufiji, katikati ya mikoko. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia, kina hakitoshi. Wakafanya kilekile: Januari 1915 wakateka Mafia, wakaweka ndege pale, wakaleta meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey. Julai 11, 1915, ndege zikiwa juu zinaelekeza mizinga ipige wapi, Königsberg ikaisha. Mafia kilikuwa kigingi.

Lakini Wajerumani waliing'oa mizinga yake kumi majini, wakaitia magurudumu, ikaanza kusafiri bara. Aprili 1916 Jenerali Van Deventer, wa upande wa Waingereza, aliingia Kondoa na wapanda farasi wa Afrika Kusini. Masika ya mwaka ule ikamkatia barabara. Farasi wakafa kwa maradhi kwa maelfu, chakula kikawa cha kugawana nusu. Alikuwa kisiwani, bahari yake ikiwa tope. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, yeye alikuwa na Reli ya Kati, akaleta watu wake mpaka Dodoma, wakapanda kwa miguu, na Mei wakaishambulia Kondoa, wakishindwa kuichukua usiku ule wa tarehe 9. Miongoni mwa silaha walizokuja nazo palikuwa na mzinga wa Königsberg. Mzinga wa meli, zaidi ya kilomita 300 kutoka baharini, ukipiga milima ya Irangi. Mvua zilipokatika Van Deventer akapata chakula, akashuka, na Julai 29 akaingia Dodoma na kuikata reli.

Kuhusu kreti: Rabaul umeshinda wewe, Iwo Jima mmetoka sare, Peleliu amekushinda yeye. Nunueni nusu kwa nusu, na dereva achague aina ya soda.